Ndinga ya staa nayo inahitaji njumu za theluji

STRAIKA akivaa raba za kutembelea kwenye uwanja uliolowa, hata shabiki aliyekaa mzunguko anajua mwisho wake. Mbio anazo, nguvu anazo, lakini akitaka kugeuka na beki tu, huyo chini. Ndiyo maana mtunza vifaa wa timu habebi njumu za aina moja. Uwanja mkavu una meno yake, na wa matope una meno yake.

Ndinga za mastaa wa Ulaya ziko hivyo hivyo. Oktoba ikiingia, baridi inaanza kuuma, na gari lililokuwa raha tupu mwezi Julai linageuka mtihani. Wanaopata shida zaidi ni wenye mikoko yenye nguvu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma.

Chukua mfano wa BMW M4 iliyoingia sokoni 2014. Ina nguvu za farasi 431, na zote zinapelekwa kwenye magurudumu mawili tu ya nyuma. Injini nayo, ambayo ndiyo mzigo mkubwa, imekaa mbele. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, dereva akikanyaga mafuta kidogo tu, magurudumu ya nyuma yanazunguka bila kushika barabara. Mkia unakimbilia pembeni, na kufumba na kufumbua gari linatazama lilikotoka.

Kwa mchezaji, mguu ndio mtaji. Desemba 7, 2024, siku ambayo dhoruba Darragh ilikuwa inaipiga Uingereza, Michail Antonio wa West Ham alipata ajali akiwa na Ferrari yake eneo la Epping, akavunjika mfupa wa paja. Ilimchukua zaidi ya miezi sita kucheza tena mechi ya ushindani, na aliporudi alikuwa na jezi ya Jamaica. West Ham hakuichezea tena. Ajali ile haitajwi hapa kama kosa la matairi. Inatajwa kwa sababu inaonyesha barabara ya Desemba inaweza kumpokonya mchezaji kitu gani.

NYUZI JOTO SABA

Wengi hudhani matairi ya baridi ni ya theluji peke yake. Kinachoanza kubadilika ni mpira wenyewe. Tairi la kiangazi limetengenezwa kwa mpira unaofanya kazi vizuri kukiwa na joto. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi joto 7 hivi, mpira huo unaanza kukakamaa na kupoteza mshiko, hata kama barabara ni kavu kabisa.

Tairi la baridi lina mpira laini unaobaki laini kwenye baridi, mifereji mipana, na vipande vyake vimejaa mikato myembamba kama iliyochanjwa kwa wembe. Mikato hiyo ndiyo inayong'ata theluji. Hayo ndiyo meno ya njumu.

Waliotangulia kwenye kazi hii ni Wafini. Kampuni ambayo leo inaitwa Nokian Tyres ilitoa tairi la baridi la malori mwaka 1934, na miaka miwili baadaye ikatoa la magari madogo. Wajerumani wao wana kanuni rahisi ya kukumbuka: matairi ya baridi yanafungwa Oktoba, yanafunguliwa Pasaka.

KILA LIGI NA SHERIA ZAKE

Mchezaji anayehama nchi anahama na sheria pia. Ujerumani haina tarehe maalumu. Sheria iliyoanza 2010 inasema barabara ikiwa na theluji au barafu, lazima gari liwe na matairi ya baridi. Ukikamatwa bila hayo, faini inaanzia euro 60 pamoja na pointi moja kwenye rekodi yako ya udereva. Tangu Oktoba 2024, tairi linalokubalika ni lenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Herufi M+S peke yake hazitoshi tena.

Austria, walikopita Wazambia Patson Daka na Enock Mwepu wakiwa Salzburg, sheria inabana kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 15 barabara zikiwa katika hali ya baridi, na kina cha mifereji kisipungue milimita 4.

Sweden, alikocheza Mkenya Michael Olunga akiwa na Djurgården mwaka 2016, kipindi ni Desemba 1 hadi Machi 31 kukiwa na theluji au barafu, na kina ni milimita 3. Kule matairi yenye misumari ya chuma yanaruhusiwa, wakati Ujerumani ni marufuku kwa magari ya kawaida. Lakini hata ndani ya Stockholm, mtaa wa Hornsgatan umeyapiga marufuku tangu 2010 kwa sababu ya vumbi yanalochimbua kwenye lami.

Uingereza na Ubelgiji hazimlazimishi mwenye gari dogo. Mbwana Samatta alitua Genk Januari 2016, na Aston Villa Januari 2020, mara zote mbili katikati ya baridi. Katika nchi kama hizo hakuna trafiki wa kukukumbusha. Ni wewe na akili yako.

UPANA SI SIFA

Hapa ndipo mastaa wengi hujisahau. Gari la nguvu linapendeza likiwa na rimu kubwa na tairi pana kama kiatu cha kipa. Kwenye theluji, tairi jembamba kidogo linakata na kwenda chini kutafuta lami, wakati lile pana linaelea juu. Kwa hiyo wanaojua huteremka rimu: kutoka inchi 19 hadi 18, na ukuta wa tairi unakuwa mrefu zaidi. Kuna faida nyingine pia, shimo lililofichwa na theluji halitavunja rimu kirahisi.

Kwa M4 hiyo, saizi ya inchi 18 ni 255/40 mbele na 275/40 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ukuta kwa asilimia ya upana huo. Ila mtu asikurupuke kununua. Gari likiwa na breki za kauri, ambazo diski zake ni kubwa zaidi, rimu ya inchi 18 haiingii. Kabla ya kulipa, soma kitabu cha gari na uangalie breki zako.

Angalia pia herufi ya mwendo. H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Ujerumani inaruhusu tairi la baridi lenye herufi ya chini kuliko mwendo wa juu wa gari, mradi kibandiko cha ukomo kiwe mbele ya macho ya dereva. Uwezo wa kubeba uzito hauna punguzo. Mwisho, soma tarakimu nne za tarehe ubavuni: 3524 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2024. Anayekuuzia "jipya" la miaka sita, mwachie mwenyewe.

MANNE AU USIFUNGE

Ujanja unaoua ni kununua matairi mawili tu ya baridi na kuyafunga nyuma, eti kwa kuwa nyuma ndiko kunakosukuma. Gari litaondoka vizuri, halafu kwenye kona ya kwanza mbele hakushiki. Usukani unakata, gari linanyoosha. Ukifunga mbele tu, breki ya ghafla inaurusha mkia. Timu haichezi na njumu za meno upande wa kulia na raba upande wa kushoto. Yanafungwa yote manne, ya aina moja.

Upepo nao upimwe mara kwa mara, kwani kila joto likishuka nyuzi 10, presha inapungua karibu bar 0.1. Tairi lililokuwa sawa Septemba linakuwa limelegea Desemba bila kutoboka.

Baada ya hapo kazi inabaki kwa mguu wa kulia. Mfumo wa kuzuia magurudumu yasiteleze usizimwe kwa ajili ya kuwaonyesha washikaji. Ondoka na gia ya pili, kanyaga taratibu, acha nafasi kubwa mbele. Matairi mazuri hayafuti barafu, yanakuongezea mita chache za kusimama.

Kijana anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwenda kusaini Ulaya dirisha la Januari huwa na orodha ndefu: nyumba, simu, koti zito. Kama gari limo kwenye orodha hiyo, matairi manne ya baridi yakae juu yake, yalipiwe kabla ya funguo kukabidhiwa.