Istilahi za Vifaa vya Tangi la Matumbawe la Gharama Nafuu

Mwaka juzi mwalimu mmoja wa biolojia, katika shule ya sekondari ya bara, aliniandikia akiomba nimfasirie maelekezo ya kutengeneza tangi dogo la matumbawe kwa fedha kidogo. Niliifanya kazi hiyo kwa siku mbili, nikaipeleka, nikaisahau. Baada ya miezi mitatu ikaja barua ya pili: konokono wote wamekufa, na matumbawe laini yamenywea. Mwalimu hakumlaumu mtu. Lakini alipoeleza jinsi alivyoyafuata maelekezo hatua kwa hatua, nilitambua kuwa kosa lilikuwa langu, tena katika neno moja.

Neno lenyewe ni "maji safi". Maji ya tangi hupungua kila siku kwa kugeuka mvuke, ilhali chumvi hubaki pale pale. Kinachopotea ni maji matupu, na kinachopasa kurudishwa ni maji matupu. Mimi niliandika: "Ongeza maji safi kila asubuhi." Wanafunzi, kwa haki kabisa, walielewa maji yasiyo na uchafu, wakawa wanaongeza maji ya chumvi waliyoyatayarisha kwa uangalifu. Tangi lao lilikuwa la lita 60 na lilipoteza lita moja kwa siku. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Kwa mwendo huo, baada ya siku 12 tu kipimo kilikuwa kimekaribia 42. Konokono hawana uwezo wa kustahimili hali hiyo.

Je, ningeandika nini? "Maji baridi" ni istilahi iliyokwisha kukubalika tunapowataja samaki wa mito na maziwa, lakini katika maelekezo ya kazi humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye jokofu. "Maji matamu" husemwa pwani bila shida. Mtoto wa bara atatafuta sukari. Ndipo nilipokata shauri kuwa katika maandishi ya aina hii tuseme "maji yasiyo chumvi", ingawa ni maneno matatu. Ufupi wa istilahi ni jambo jema, ila haupaswi kununuliwa kwa maisha ya viumbe.

Neno "chumvi" nalo lina mtego wake. Chumvi ya jikoni karibu yote ni kloridi ya sodiamu, na matumbawe hayawezi kujenga mifupa yake bila kalsiamu. Kinachohitajika ni "mchanganyiko wa chumvi za bahari". Mfasiri asiache neno "mchanganyiko" likaanguka njiani kwa kudhani ni pambo.

Tukija kwenye tangi lenyewe, mwenye fedha kidogo hushawishika kununua dogo kabisa. Hapo hesabu inampinga. Tangi la lita 40 likipoteza lita 2, kipimo cha chumvi hupanda kutoka 35 hadi karibu 37. Tangi la lita 200 likipoteza kiasi hicho hicho, kipimo hakifiki hata 35.5. Tangi la lita 100 hivi ni maafikiano mazuri. Meza yake iwe imara, kwani maji peke yake yana uzito wa zaidi ya kilo 100, bado kioo na mawe.

Kifaa kilichonisumbua zaidi ni kile kinachopuliza viputo vyembamba katika maji ili mabaki ya vyakula na ute yashikamane na viputo, yapande juu, na kumwagika katika kikombe yakiwa povu. Wafasiri wengi wangekiita "kichujio". Sivyo: kichujio huuzuia uchafu ukakaa ndani yake na kuendelea kuoza, bali hiki huutoa nje ya maji kabla haujaoza. Mpishi anayeondoa povu juu ya chungu cha nyama anaengua. Basi ni "kiengua povu", na neno limepatikana jikoni mwetu wenyewe. Kwa tangi dogo lenye samaki wawili kifaa hiki chaweza kusubiri, mradi sehemu ya kumi ya maji ibadilishwe kila juma.

"Pampu ya mkondo" haihitaji maelezo kwa mvuvi yeyote. Kipasha joto, ambacho watu wengi hukiita hita, hutegemea mahali: Nairobi au Arusha usiku ni wa lazima, kwa kuwa maji yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Dar es Salaam tatizo hugeuka, na feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyapunguzia joto kwa bei ndogo. Huzidisha mvuke pia, na hapo twarudi kwenye maji yasiyo chumvi.

Taa ndiyo ghali. Matumbawe mengi yafugwayo huishi kwa chakula kinachotengenezwa na mimea midogo mno iliyo ndani ya miili yao, ambayo napendekeza tuiite "vimwani", kutokana na mwani. Bila mwanga wa kutosha vimwani hufa, na tumbawe hupauka. Akiba isifanywe hapa.

Kuna pia kile kipindi cha majuma manne hadi sita ambapo tangi hukaa bila samaki, ili bakteria waongezeke katika mawe na kuigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Nimewahi kusoma tafsiri iliyosema "zungusha tangi kwa mwezi mmoja". Heri "kukomaza tangi". Mawe makavu ni rahisi kuliko yale yatokayo baharini na bakteria wake, na hukomaa vilevile kwa mwenye subira. Mtaalamu wa Indonesia, Lee Chin Eng, alipoeleza mwaka 1961 namna ya kufuga viumbe wa miambani kwa mawe ya baharini na viputo vya hewa tu, hakuwa na duka la vifaa karibu.

Mwisho, neno "tumbawe". Kwa mwashi wa pwani ni jiwe jepesi la kujengea. Kwa mwalimu ni mnyama. Vipande vinavyokatwa ili kuoteshwa nimeviita "vipando", kama vya mhogo. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, na kuyavusha mpaka huhitaji kibali. Ofisa anayejaza fomu hana budi kueleza kama ni mnyama aliye hai au ni jiwe. Mwalimu wetu ameanza upya, kwa mawe makavu na konokono watatu, na juu ya ndoo ameandika kwa rangi nyekundu: MAJI YASIYO CHUMVI.