Dola 9.35 na foleni yake

Mama wa Goma akipata kazi Montreal, hesabu inayomkosesha usingizi ni ya garderi, yaani kituo cha kulea watoto wadogo. Bei anayotajiwa na majirani ni dola 9.35 kwa siku, ambayo ilikuwa kiwango cha 2025 katika garderi zenye ruzuku ya serikali ya Quebec. Mpango ulianza 1997 kwa dola 5. Kwa kiwango hicho cha 2025, siku 20 za mwezi ni dola 187, na humo mna saa 10 za ulezi kila siku, chakula cha mchana na vitafunio mara mbili. Bei ni hiyohiyo kwa mlezi mwenye ruzuku anayelea nyumbani kwake, watoto wasiozidi 6 akiwa peke yake.

Garderi binafsi isiyo na ruzuku, tuseme inatoza 45 kwa siku. Mwezi ni 900, na wengi hugeuka hapohapo mlangoni. Subiri kwanza. Ofisi ya kodi ya Quebec humrudishia mzazi kati ya asilimia 67 na 78 ya gharama, kadiri ya mapato. Mwenye kipato cha chini kabisa hurudishiwa 702, abaki kulipa 198. Tofauti ni dola 11! Taabu ni kwamba 900 zinadaiwa leo, na marejesho hungoja fomu ya kodi ya mwakani, ila ukiomba ulipwe mwezi kwa mwezi. Omba. Uliza pia kama chakula kimo ndani ya bei.

Kwa mwenye kipato cha chini, basi, bei za garderi hizo mbili zinakaribiana. Kazi ni kuingia. Nafasi za ruzuku hazitoshi, na kuanzia Aprili 2018 waombaji hifadhi walifungiwa mlango kabisa. Bijou Cibuabua Kanyinda, Mkongo aliyefika Oktoba mwaka huo na watoto watatu, alienda mahakamani. Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Quebec ikaamua wenye kibali cha kazi wasizuiwe, serikali nayo ikapeleka shauri Mahakama ya Juu ya Kanada. Nafuu ya kodi nayo hutazama karatasi zako za ukaaji.

Mwenye zamu ya usiku ghalani hesabu hizi hazimfai sana. Garderi nyingi hufunga jioni, mtoto akabaki kwa jirani, na jirani hatoi risiti. Bila risiti, hata senti hairudi.