Mgonjwa wa Kisukari na Vitu vya Dukani



Usiku mmoja wakati wa palizi niligongewa mlango hapa zahanati. Kijana mmoja alikuwa amekuja mbio na baiskeli. Alisema, "Daktari, baba anatoa maneno yasiyoeleweka. Jasho linamtoka kama mtu aliyenyeshewa. Mama anasema ni shetani, jirani anasema amelewa."

Nyumba hiyo naijua. Baba yake ana ugonjwa wa kisukari, na pombe hanywi.

Nilichukua mashine ya kupimia sukari, tukaenda. Kipimo kilionyesha 2.3. Kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, kipimo kikiwa chini ya 4 sukari imeshuka mno. Nikasema, "Leteni sukari." Mama mwenye nyumba alinitazama kwa mshangao. "Sukari tena, mwanangu? Si ndiyo mliyotukataza?"

Tulikoroga vijiko vinne vidogo vya sukari katika nusu kikombe cha maji. Mzee alikuwa bado anaweza kumeza, basi akanywa pole pole. Baada ya robo saa hivi alituuliza kwa nini tumejaa chumbani mwake.

Nini kilikuwa kimetokea? Siku ile mzee alilima mpaka jua likazama. Alirudi amechoka, akameza kidonge chake cha glibenklamidi, akalala bila kula. Kidonge hicho hulilazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hukula. Bila chakula, sukari iliyomo katika damu hushuka, na ubongo hauwezi kufanya kazi bila sukari.

Mzee huyu alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo, na husoma kila neno. Juu ya bahasha ya dawa niliandika kwa mkono wangu: "Kidonge 1 asubuhi, kidonge 1 jioni." Sikuandika "pamoja na chakula." Yeye alisoma sawasawa. Aliyekosea ni mimi niliyeandika.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumze juu ya vitu ambavyo mgonjwa wa kisukari hununua dukani, yaani vyakula vya paketi na chupa, na dawa. Vyote vina faida na hatari, na kila mgonjwa hana budi kuvipima.

Tuanze na soda. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 na zaidi kidogo. Hiyo ni karibu vijiko 8 vidogo. Je, wewe ungetia vijiko 8 katika kikombe kimoja cha chai? Sukari ya soda haihitaji kutafunwa wala kusagwa tumboni. Huingia katika damu haraka sana. Juisi nyingi za paketi nazo ni hivyo hivyo, hata kama paketi imechorwa embe zuri.

Kuna jambo jingine ambalo naliona mara nyingi hapa kwetu. Mtu ambaye sukari yake imepanda husikia uchovu na kiu, na hukojoa mara nyingi. Hajui kwamba ni kisukari. Anakwenda dukani kununua unga wa glukosi "ili apate nguvu." Glukosi ni sukari yenyewe! Ni sawa na kumwaga mafuta ya taa juu ya moto. Ukiwa na uchovu wa namna hii, njoo upimwe kwanza. Mtu akipimwa asubuhi kabla ya kula chochote, na kipimo kikawa 7 au zaidi, kipimo hicho hurudiwa siku nyingine. Kikirudia vile vile, huo ni ugonjwa wa kisukari.

Watu wengi huniuliza kuhusu sembe na dona. Sembe ni mahindi yaliyoondolewa pumba na kiini, ukabaki wanga mtupu. Dona lina vyote, nalo ni bora. Lakini dona si dawa. Nimekutana na mama aliyeacha vidonge kwa sababu aliambiwa kwamba ugali wa dona na uji wa ulezi vinaponya kisukari, naye akala dona sahani nzima. Dona nalo hugeuka sukari mwilini. Ugali wako uwe kama ngumi yako, na mboga za majani zijaze nusu ya sahani. Maharage, dagaa na karanga ni vizuri. Chakula cha shambani kwako, kwa kweli, ni bora kuliko biskuti na mkate mweupe, na hukinunui.

Wewe uliyejifunza kusoma, tumia elimu yako dukani. Geuza paketi uangalie nyuma. Kitu kilichotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote ndani ya paketi. Maandishi mengi ni ya Kiingereza, basi kariri neno hili: SUGAR. Maana yake ni sukari. Ukiliona mwanzoni, rudisha paketi. Kariri pia SALT, yaani chumvi, kwa kuwa wagonjwa wengi wa kisukari wana shinikizo la damu pia.

Sasa dawa. Wapo wanaosema, "Vidonge vya kisukari vinaharibu figo." Ndiyo sababu wengine humeza leo na kuacha kesho. Ukweli ni kwamba sukari nyingi ikikaa katika damu kwa miaka ndiyo inayoharibu figo, macho na mishipa ya fahamu ya miguu. Metformini huweza kuleta kichefuchefu na kuharisha siku za mwanzo. Meza pamoja na chakula, kwa kawaida hali hiyo hupungua. Mtu ambaye figo zake zimeharibika sana hapewi metformini. Na ukitapika au kuharisha mpaka ukaishiwa maji mwilini, isimamishe na uje zahanati upesi.

Wengine husema mitishamba ni salama kwa kuwa ni majani. Hata metformini ilitokana na utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao galega. Daktari Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Tofauti ni kwamba kidonge kimepimwa, na unajua umemeza kiasi gani. Katika nchi mbalimbali unga wa "mitishamba" umewahi kukutwa umechanganywa na vidonge vya hospitali kwa siri. Mtu anameza glibenklamidi mara mbili bila kujua.

Ninazoziogopa zaidi ni dawa za dukani zisizo za kisukari. Prednisoloni na deksamethasoni ni dawa nzuri kwa pumu na magonjwa mengine, lakini hupandisha sukari. Watu huzinunua kwa maumivu ya viungo, na wengine ili wanenepe. Mwambie muuza dawa kwamba una kisukari kabla hujalipa. Kama umezitumia majuma mengi, usiache ghafla. Njoo tuzipunguze taratibu. Diklofenaki nayo, ukiimeza kila siku kwa mgongo, huumiza figo ambazo tayari ziko hatarini.

Kama mgonjwa wako ghafla anatoka jasho, anatetemeka au kuchanganyikiwa, mpe sukari au soda ya kawaida, halafu chakula. Kama huna mashine ya kupimia, mpe vile vile. Asipoweza kumeza, usimnyweshe kitu. Mlaze kwa ubavu na umkimbize kwenye matibabu. Hata akizinduka, mlete, kwa kuwa kidonge cha glibenklamidi hukaa mwilini na sukari huweza kushuka tena. Yule mzee tulimpeleka kituo cha afya usiku ule ule, akalala huko.

Sasa nimeandika upya bahasha zote: "Meza unapokula. Usipokula, usimeze." Na juu ya kabati la mzee ipo chupa moja ya soda. Wajukuu wamekatazwa kuigusa. Kila nikipita anaiteremsha na kunisomea tarehe iliyoandikwa kwenye chupa, tuone kama haijapita.