Mauti Yaliyotoka Vitini

Tangu tarehe 7 Septemba 1940, ndege za Kijerumani zilipoanza kuushambulia mji wa London karibu kila usiku, raia kwa maelfu walikimbilia mahandakini na kukesha humo, aghalabu juu ya viti vya kukunja vya mbao na turubai, ambavyo kabla ya vita vilitumiwa ufukweni kwa kuota jua. Haukupita muda tabibu Keith Simpson, mpasuaji maiti wa hospitali ya Guy's, akastaajabu kuletewa maiti zisizoguswa na bomu wala kifusi. Naye akaeleza katika jarida la Lancet la Desemba ya mwaka huohuo kwamba vifo vya ghafla vitokanavyo na donge la damu mapafuni vilizidi mara sita kuliko mwaka uliotangulia.

Damu iliyokwisha kuulisha mguu haina budi kurudi moyoni kwa kupanda, na kazi ya kuipandisha hufanywa zaidi na nyama za shavu la mguu, ambazo kila tutembeapo hujikaza zikaiminya mishipa ya vena, yenye vilango vifungukavyo kwa juu tu. Basi aketiye usiku kucha, ubao wa mbele wa kiti ukimbana mapaja, huidhoofisha pampu na kuiziba njia kwa pamoja, na damu iliyotuama huganda. Donge likibanduka husafiri kwa wepesi, kwa kuwa mishipa huzidi kupanuka kadiri inavyoukaribia moyo. Hupita upande wa kulia wa moyo bila kizuizi, hata lifikapo mapafuni, ambako mishipa hugawanyika ikawa myembamba, likanasa, na moyo ukabaki kusukuma damu isiyopata pa kupita. Hayo tabibu Rudolf Virchow wa Ujerumani alikwisha kuyabainisha tangu karne ya 19.

Kinachonipendeza zaidi ni tiba ya maradhi hayo. Heparini, dawa izuiayo damu kuganda, ilikuwa imekwisha kugunduliwa Baltimore mwaka 1916, lakini nani angewadunga sindano watu wote wale? Serikali ikapeleka vitanda vya ghorofa, watu wakanyoosha miguu, na vifo vile vikapungua: seremala akamtangulia tabibu.

Mabasi yetu ya kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam humkalisha abiria muda usiopungua ule wa mahandakini. Ashukaye akauona mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, asikubali kukandwa wala kuchuliwa, ingawa ndiyo ada yetu, kwani mkono wa mchuaji waweza kulibandua donge. Na awahi hospitali, hasa kama kifua kinambana au pumzi zinamkatika.