Jitu la angani lililogeukia njiani



Juma lililopita nilikuwa safarini kwenda Mpanda kwa garimoshi. Tangu Kaliua nilikaa na kijana mmoja, fundi redio, ambaye hakuwa na mazungumzo mengine ila ndege kubwa za vita za zamani. Anazijua kwa majina na kwa idadi ya injini. Alinieleza kuwa ndege za Waingereza aina ya Lancaster zilitengenezwa zaidi ya 7,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili, na leo zinazoruka zimebaki mbili tu, moja Uingereza na nyingine Kanada. Kisha akashusha pumzi: "Mzee, sisi huku hatukujaliwa hata moja ya kuitazama."

Nikamwambia kuwa chombo kirefu kuliko ndege zote alizozitaja kiliwahi kutumwa kuja nchini mwetu. Hakikufika.

Ilikuwa Novemba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza. Ziwa Tanganyika, ambalo leo ndilo mpaka wa magharibi wa Mkoa wa Katavi, lilikuwa limekwisha waponyoka Wajerumani tangu mwaka uliotangulia. Juni 1916, Wabelgiji walirusha kutoka upande wa Kongo ndege ndogo za kutua majini, zenye urefu wa mita 11 hivi, wakaipiga Kigoma kwa mabomu. Mwezi uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, wakaondoka. Meli hiyo iliibuliwa baadaye, nayo ndiyo MV Liemba wanayoifahamu vizuri watu wa Karema na Ikola.

Basi jeshi la Jenerali Lettow-Vorbeck likasukumwa hadi kusini kabisa, upande wa Makonde. Risasi na dawa zilikuwa zikiisha, na baharini manowari za Waingereza zimeziba njia. Ndipo Berlin ikaamua kutuma zepelini, yaani chombo cha anga kinachoelea kwa gesi ya haidrojeni na kusukumwa na injini. Hii iliitwa L 59. Urefu wake ulizidi mita 226. Ukizipanga Liemba tatu, omo kwa tezi, bado hazifikii.

Ilibeba watu 22 na shehena ya tani 15 hivi: risasi, bunduki za rashasha na dawa. Kwa kuwa Afrika hapakuwa na gesi ya kuirudisha, ilikusudiwa ikifika ivunjwe, kitambaa chake kishonwe mahema na nguo. Iling'oa nanga Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba, ikavuka bahari na kuingia jangwani. Huko ikaonja joto ya jiwe. Mchana jua lilitanua gesi, nyingine ikalazimika kuachiwa hewani. Usiku baridi iliinywesha iliyobaki, na chombo kikapungukiwa na nguvu ya kuelea. Safari moja kilikaribia kugonga ardhi. Usiku wa kuamkia tarehe 23, kikiwa magharibi ya Khartoum, simu ya upepo ikakiamuru kirudi, kwa kuwa eneo lililokusudiwa limekwisha potea. Kilitua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 hewani na kilometa 6,757. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mwaka mmoja kamili baadaye alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, si mbali na ncha ya kusini ya ziwa letu.

Kijana alifurahi mno. Lakini nilimwomba tupige hesabu pamoja. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kilo 27 hivi. Tani 15 ni mizigo ya wapagazi wapatao 555. Kwa hiyo jitu lote lile lilikuja kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa kila siku, na pande zote za vita, na mababu zetu kwa vichwa na mabega yao. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na malaria. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Sisemi kwamba kupenda ndege za zamani ni kosa. Mwanadamu hustaajabia kitu kikubwa, na katika kustaajabu hujifunza. Ila tazameni: idadi ya injini za L 59 inajulikana, ni 5, na jina la nahodha wake linajulikana, Bockholt. Wapagazi wetu wengi hawakuandikwa majina popote. Dar es Salaam tumebakiwa na neno Kariakoo, ambalo asili yake ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, nasi tunalitaja kila siku tukienda sokoni bila kuwakumbuka.

Tulipoagana stesheni, kijana aliniambia kuwa bibi yake huko Karema husimulia habari za mzee wa ukoo aliyechukuliwa kubeba mizigo na hakurudi. Nikamuuliza jina la mzee huyo. Hakulijua. Nikamwambia amuulize bibi angali hai, na aliandike mahali pamoja na zile ndege zake.

Kwaherini hadi juma lijalo.