Sumu ya Buibui Mkubwa wa Shimoni: Je, Inaua?

Tarantula ni buibui wakubwa wenye manyoya, na huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaowafuga nyumbani. Baadhi yao asili yao ni hapa kwetu. Mmoja ni Pelinobius muticus, buibui wa rangi ya kahawia anayechimba shimo refu katika nyika za Kenya na Tanzania. Akisumbuliwa huinua miguu ya mbele, huonyesha meno na hutoa mlio wa kufoka. Hilo ni onyo.

Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kutokana na sumu ya tarantula. Hata hivyo, wa Afrika si sawa na wale wa bara la Amerika. Wengi wa Amerika hujikinga kwa kupukuta vinyweleo vinavyowasha, na wakiuma, maumivu kwa kawaida hulingana na ya nyuki. Wa Afrika hawana vinyweleo hivyo. Kinga yao ni meno. Aliyeumwa anaweza kupata maumivu makali, uvimbe na misuli kukakamaa kwa saa au hata siku kadhaa.

Ukiumwa

Osha jeraha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi, kisha utumie dawa ya kutuliza maumivu. Usichanje, usinyonye wala usifunge kamba. Nenda kituo cha afya mara moja ukishindwa kupumua vizuri, uso ukivimba, misuli ikikakamaa au aliyeumwa akiwa mtoto.

Usikisie

Hatari kubwa zaidi ni kudhani ni buibui kumbe ni nyoka. Bafe, ambaye wengine humwita moma, pia husababisha maumivu na uvimbe, na sumu yake inaweza kuua. Kama hukuona kilichokuuma, tulia, usitembeze kiungo kilichoumwa, na upelekwe hospitalini bila kungoja. Mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa.

Msiwakamate

Buibui hawa hula wadudu. Wakazi wa Meru na Embu wanashauriwa kuvaa viatu vya kufunika miguu shambani, kuwaonya watoto wasichokoe mashimo, na kukataa wanunuzi wa wadudu wasio na kibali. Mnamo Mei 2025, mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa biashara haramu ya chungu hai. Udogo wa kiumbe haukuwa kinga.