Je, Wajua? Kereng'ende wa Kwale Hulelewa Ndani ya Mti

Je, wajua kuwa misitu ya Shimba Hills ina kereng'ende ambaye watoto wake hawaujui mto wala bwawa? Ni *Coryphagrion grandis*. Hutaga mayai penye maji ya mvua yaliyotuama kwenye matundu ya miti mikongwe, na lava hukulia humo humo mpaka aote mabawa.

Ukichungulia tundu lenyewe utaona maji meusi na majani yaliyooza. Lava ametulia tuli, mdomo wa chini ameukunja chini ya kichwa. Kiluwiluwi cha mbu kikipita karibu, mdomo unafyatuka, unakidaka na kukirudisha kinywani. Mbu wa *Aedes*, waenezao dengue na chikungunya, nao hutaga kwenye matundu ya miti. Kwa hiyo kereng'ende huyu anatufaa sisi watu wa pwani.

Na je, wajua kuwa jenasi yake ina spishi hiyo moja tu? Mwanasayansi Morton aliieleza mwaka 1924. Makao yake ni misitu ya pwani, kuanzia Kenya na Tanzania hadi Msumbiji.

Hili ndilo linalonistaajabisha zaidi: uchunguzi wa DNA uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa ndugu zake wa karibu wako Amerika ya Kati na Kusini! Mmoja wao, *Megaloprepus*, akitanua mabawa hufika karibu sentimita 19, naye pia hulelewa kwenye tundu la mti. Inaaminika ukoo huu ulikuwapo kabla Afrika na Amerika ya Kusini hazijaachana, yapata miaka milioni 100 iliyopita.

Lakini si kila mdudu wa majini apendaye maji yaliyotuama kama kereng'ende huyu; wengine hutaka maji yaendayo kasi. Lava wa *Neoperla*, jenasi ya wadudu wa vijito vya mawe barani Afrika, ana mwili bapa na kucha za kung'ang'ania jiwe mkondo usimzoe. Maji yakichafuka, yeye ni wa mwanzo kutoweka.

Tukirudi kwenye miti mikongwe, je, wajua kuwa Kaya Kinondo, msitu mtakatifu hapo Diani, ni miongoni mwa makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008? Mwiko wa wazee wa kaya wa kutokata miti ndio uliosalimisha miti yake mikubwa.

Nawe ambaye shamba lako limepakana na msitu, mti mkongwe wenye tundu usiukate kwa ajili ya makaa. Una wenyewe.